Denys Finch Hatton: Kalameni wa Takaungu aliyepewa nywele na Hollywood

Kama umewahi kukesha ukitazama zile tamthilia za Kimeksiko, ile fomula unaijua. Jamaa mmoja mtanashati asiyetaka kuoa, wanawake wawili wanaomfia, mume anayejua kila kitu lakini ananyamaza, kisha ajali inayofunga mjadala kabla hujajua nani angebaki na nani. Sasa ondoa hacienda na farasi, weka milima ya Ngong, ndege ndogo ya rangi ya manjano na nyumba ya ufukweni kule Takaungu, kaunti ya Kilifi. Hapo umepata maisha ya Denys Finch Hatton, aliyefariki 1931 na ambaye bado anauza safari za watalii hadi leo.

Wengi wanamjua kwa sura ya Robert Redford katika filamu Out of Africa ya mwaka wa 1985. Sura hiyo si yake. Denys halisi alianza kupata kipara angali kijana na alipenda kofia kuliko watu wengi wanavyopenda simu zao. Redford ana nywele za dhahabu zinazopepea kila upepo unapovuma. Na huo ndio uongo mdogo kuliko wote katika hadithi hii.

Alizaliwa London mnamo Aprili 24, 1887, mwana wa pili wa Henry Finch-Hatton, ambaye baadaye alirithi cheo cha Lodi wa Winchilsea. Kuwa mwana wa pili katika familia za aina hiyo ni kama kuwa mchezaji wa akiba: jina unalo, shule nzuri unapelekwa, lakini cheo na mali ni vya kaka. Alisoma Eton, akaenda chuo cha Brasenose kule Oxford, na huko akawa maarufu kwa kila kitu isipokuwa masomo. Alikuwa mrefu kupindukia, mcheshi, mwanamichezo, mpenda muziki na mashairi. Alipomaliza chuo alikuwa na digrii ya daraja la chini kabisa na marafiki wengi.

Mwaka wa 1911 akaja Afrika Mashariki ya Waingereza, kama Kenya ilivyoitwa wakati huo. Akanunua ardhi upande wa magharibi wa Bonde la Ufa, karibu na eneo ambalo leo ni Eldoret. Kulima hakumfai. Shamba akamwachia mshirika wake, yeye akaingia porini na bunduki. Hii tabia ya kuanzisha jambo na kuliachia mtu mwingine itarudi mara nyingi, hata kwenye mapenzi.

Mwenzake wa hadithi hii alifika miaka mitatu baadaye. Karen Dinesen, Mdenmaki, alishuka melini Mombasa Januari 1914 na kuolewa papo hapo, tarehe 14, na binamu yake wa mbali, Bror Blixen kutoka Uswidi. Wakapanda treni hadi Nairobi kulima kahawa chini ya milima ya Ngong, mahali palipokuwa juu mno na pakavu mno kwa kahawa. Mwaka huohuo, huku kwetu Kilifi, Waingereza waliilipua Kaya Fungo kwa baruti ili kuwavunja nguvu Wagiriama waliokuwa wamesimama na Mekatilili wa Menza. Hayo mawili hayapatikani katika kitabu kimoja, lakini yalitokea katika nchi moja, miezi michache tu ikipishana.

Bror alikuwa mcheshi, mwindaji hodari na mpenda wanawake. Karen aliugua kaswende katika mwaka wa kwanza wa ndoa, na waandishi wengi wa maisha yake wanaamini aliitoa kwa mumewe. Alilazimika kurudi Denmark kutibiwa. Ukimsikia mtu akikwambia kuwa filamu ile ni ya kimahaba tu, mkumbushe hapo.

Aprili 5, 1918, katika klabu ya Muthaiga jijini Nairobi, Karen alikutanishwa na Denys. Wakati huo vita vikuu vya kwanza vilikuwa bado vinaendelea. Denys alikuwa amepigana upande wa Afrika Mashariki, akapewa nishani ya ushujaa, na muda mfupi baadaye akaondoka kwenda Misri. Kwa hivyo ile picha ya filamu ambapo wanaonana mara ya kwanza reli ikipita nyikani, jamaa akipakia pembe za ndovu kwenye treni siku Karen anapoingia nchini, ni ya kutungwa. Hollywood haikuweza kungoja hadi 1918. Ilitaka kalameni aonekane dakika za mwanzo, kabla popkoni hazijapoa.

Baada ya vita Denys alirudi, akawa rafiki wa nyumba ile. Bror na Karen walitengana 1921 na talaka ikakamilika 1925. Bror hakuonekana kukasirika sana. Inasimuliwa kwamba alikuwa akimtambulisha Denys kwa wageni kama rafiki yake na mpenzi wa mkewe, kwa sauti ya mtu anayetambulisha shemeji. Hao ndio walikuwa watu wa tabaka lile. Sheria kali waliwatungia Waafrika, zao wakazilegeza.

Denys sasa alikuwa mwindaji wa kulipwa, akiongoza matajiri wa Ulaya na Marekani porini. Wateja wake walikuwa wazito, akiwemo Mwanamfalme wa Wales aliyekuja 1928 na kurudi tena 1930, yule ambaye baadaye alikuwa mfalme Edward wa Nane na kuachia kiti kwa ajili ya mwanamke. Kati ya safari moja na nyingine, Denys alihamishia vitu vyake kwa Karen: vitabu, gramafoni, sahani za muziki, divai. Hakuishi pale. Alifika. Tofauti hiyo Karen aliijua vizuri kuliko mtu yeyote. Angekaa wiki moja, wiki mbili, kisha angeondoka kwa miezi bila kusema atarudi lini.

Akiwa pale, walikuwa na mchezo wao. Denys alimfundisha Kilatini na kumsomea mashairi ya Kigiriki. Karen alimtungia hadithi, akiketi sakafuni mbele ya moto kama yule bibi wa Alfu Lela u Lela anayesimulia ili asiuawe asubuhi. Kuna ukweli mchungu katika mfano huo. Karen alisimulia ili mwanamume asiondoke, na kila mara hadithi ilipoisha, aliondoka.

Lakini usidhani Karen alikuwa mjinga wa mapenzi. Alitaka mtoto. Mwaka wa 1926, Denys akiwa Uingereza, alimpelekea simu ya maandishi akitumia jina la fumbo, Daniel, kumwarifu kuwa huenda mgeni yuko njiani. Jibu lililorudi lilimshauri afute ziara ya Daniel. Hivyo tu, maneno machache ya telegramu, yanayolipiwa kwa kila neno. Karen akamjibu kwa ukali na ubaridi. Mtoto hakuzaliwa. Siku hizi mtu angeachwa na alama mbili za buluu za WhatsApp, na labda ingekuwa afadhali.

Turudi Pwani, kwa sababu huku ndiko Denys alikojijengea kitu chake mwenyewe.

Ukitoka Mombasa kuelekea Malindi, ukapita Mtwapa, Kikambala na mashamba ya mkonge ya Vipingo, utafika mahali ambapo barabara ya Takaungu inachepuka kulia kwenda baharini. Ni kama kilomita 50 kutoka Mombasa, na si mbali na mji wa Kilifi. Takaungu si kijiji cha juzi. Wamazrui walipopokonywa Mombasa na Seyyid Said mnamo 1837, tawi lao moja lilihamia hapa na kuufanya mji wa biashara ya nafaka, na ya watumwa pia, tusifichane. Mwaka wa 1895 mtawala wa Takaungu alipofariki, Waingereza waliingilia urithi wa kiti, wakamkataa Mbaruk bin Rashid, na vita vikawaka Pwani nzima. Vilipokwisha, ukanda huu ukawa mikononi mwa serikali ya kikoloni. Ikafuata sheria ya hati za ardhi ya 1908: asiye na karatasi alihesabiwa kuwa hana shamba, na sehemu kubwa ya ardhi ya Mijikenda ikageuka kuwa ya Taji la Uingereza. Maskwota wa Kilifi unaowasikia kwenye habari za leo wanaanzia hapo.

Katika ukanda huo ndipo Denys alipopata kipande chake, kando ya mkono wa bahari wa Takaungu, karibu na magofu ya makazi ya kale yenye mnara, kisima na miembe michache ya zamani. Akajenga nyumba ndogo, rahisi, iliyoelekea baharini. Usiku wa mbalamwezi milango iliachwa wazi, na upepo ulipeperusha mchanga ukaingia hadi sakafuni. Wavuvi walileta samaki wa rangi zote. Majahazi yalipita nje yakifuata pepo zao. Haya yote tunayajua kwa sababu Karen alifika, akayatazama kwa macho mawili na kuyaandika. Kurasa zake za Takaungu ni chache, lakini kwa maoni yangu ni miongoni mwa zile nzuri kabisa katika kitabu, pengine kwa sababu hapo hana shamba la kusimamia wala deni la kulipa. Hapo ni mgeni tu wa mtu anayempenda.

Denys alikuwa na mpango: kuifanya Takaungu makao yake na kuanzisha safari zake za porini kutoka huko. Ukiangalia ramani, ni akili. Tsavo iko karibu, bandari iko karibu, na Nairobi yenye umbea wake iko mbali. Hasa hilo la mwisho.

Maana kufikia 1930 umbea ulikuwa mwingi. Karen alikuwa akifilisika. Kahawa haikuzaa vya kutosha, bei iliporomoka dunia nzima, na jamaa zake wa Denmark waliokuwa wenye hisa wakachoka kuweka pesa shimoni. Kampuni ikauza shamba. Aliyenunua alitaka kulikata viwanja, na kitongoji hicho leo kinaitwa Karen. Wakati huohuo Denys alikuwa ameleta ndege yake, Gipsy Moth ya manjano, na kumzungusha Karen angani juu ya Ngong na hadi ziwa Natron kwenye korongo. Alikuwa pia amempata mtu mwingine wa kuruka naye.

Huyo alikuwa Beryl Markham. Aliletwa Kenya na baba yake angali mtoto mdogo, akakulia Njoro akicheza na watoto wa Kinandi, akazungumza lugha yao na kuwinda nao, kisha akawa mkufunzi wa farasi na baadaye rubani. Kidosho mrefu, mwenye ujasiri wa kutisha, na mdogo kwa Karen kwa miaka 17. Mnamo Septemba 1936 angekuwa mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kwa ndege kutoka mashariki kwenda magharibi. Lakini hiyo ni mbele. Mwaka wa 1930 na 1931 alikuwa, kwa lugha ya vijana, mpango wa kando wa Denys, ingawa ukimuuliza Beryl labda angekwambia mpango wa kando alikuwa Karen. Na walijuana! Beryl alikuwa mgeni wa mara kwa mara katika nyumba ya Ngong. Walikunywa chai pamoja.

Mwanzoni mwa Mei 1931 Denys alikuwa ameshahamisha vitu vyake kwa Karen na kukaa kwa rafiki mjini Nairobi. Sababu ya kuonekana ni kuwa nyumba ilikuwa imejaa makasha ya kufungia samani. Waandishi wa maisha yao wanasema uhusiano wenyewe ulikuwa umekwisha au unakaribia kwisha. Kabla ya hapo, Karen alipoanza kusema hana pa kwenda, Denys alimpa nyumba ya Takaungu aishi, kama yeye alivyoishi kwake Ngong miaka yote hiyo. Karen alikataa. Sababu aliyoiandika ni joto: kwamba Takaungu iko chini mno, ina joto mno, na mzungu hawezi kukaa Pwani muda mrefu bila starehe nyingi. Mkaazi yeyote wa Watamu au Malindi, akitazama wazee wa Kiitaliano wanavyozeeka vizuri huko, atacheka. Mimi sidhani ilikuwa joto. Mwanamke aliyetaka mume kwa miaka kumi amepewa nyumba isiyo na mwenyewe ndani yake. Hiyo ni zawadi, lakini pia ni kama kusindikizwa hadi mlangoni.

Denys akamwambia anashuka Takaungu kuangalia nyumba yake, na atarudi Alhamisi kwa chakula cha mchana. Karen akaomba kwenda naye. Alikubali kwanza, kisha akabadili: angepitia Voi kutafuta makundi ya ndovu kutoka angani, huenda angelazimika kutua msituni, na alihitaji kijana wa kumsaidia. Kiti kilikuwa kimoja tu cha abiria. Kwa mujibu wa Beryl mwenyewe, yeye pia alialikwa katika safari ile ya Voi, naye hakwenda kwa sababu mwalimu wake wa urubani, Tom Campbell Black, alikuwa na hisia mbaya na kumsihi asubiri. Yaani wanawake wawili, kila mmoja alibaki na kumbukumbu yake ya kiti kimoja.

Aliyekaa kwenye kiti hicho alikuwa Hamisi, msaidizi wake, Mkikuyu.

Walifika Pwani. Wakati wa kutua, kipande cha tumbawe kiliharibu propela, na ikabidi ingine iletwe kutoka Nairobi. Ndege ikatengenezwa, wakaondoka kuelekea Voi, ndovu wakaonekana, usiku wakalala huko. Asubuhi ya Alhamisi, Mei 14, 1931, ndege iliruka kutoka uwanja wa Voi, ikazunguka mara mbili, ikaanguka na kuwaka moto. Wote wawili walifariki papo hapo. Denys alikuwa na miaka 44.

Karen alimsubiri. Kisha akaenda Nairobi mjini, na kila aliyekutana naye akageuza uso au akawa na haraka ya ghafla. Mji mzima ulikuwa unajua, hakuna aliyetaka kuwa wa kumwambia. Alielezwa mwishowe katika nyumba ya Lady McMillan, baada ya chakula. Siku iliyofuata Denys alizikwa juu ya milima ya Ngong, mahali yeye na Karen walikuwa wamepachagua zamani kama mzaha wa wapendanao. Baadaye kaka yake akajenga mnara wa mawe juu ya kaburi.

Filamu inampa Bror kazi ya kuleta habari hizo, na Meryl Streep anazipokea kwa ustadi ambao huwezi kuukosea adabu. Lakini katika filamu hiyo hakuna mhusika anayeitwa Hamisi. Watu walioandika juu ya ajali hiyo humtaja kwa jina moja, katika nusu ya sentensi, kisha wanarudi kwa marehemu mwingine. Nimesoma habari za kifo hiki katika sehemu kadhaa, na kila mara najikuta nasubiri sentensi inayofuata juu yake: alitoka wapi, aliacha nani, nani alimlilia. Huwa haiji.

Karen alirudi Denmark mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 46, bila mume, bila shamba, bila pesa, akiishi nyumbani kwa mama yake. Huko ndiko alikoanza kuandika kwa bidii, kwa jina la kiume la Isak Dinesen. Kitabu cha Out of Africa kilitoka 1937, kwa Kiingereza na kwa Kidenmaki. Hapa ndipo mambo yanakuwa matamu kwa yeyote anayependa kujua nani anadanganya nani.

Katika kitabu hicho, Denys ni rafiki. Rafiki mkubwa, ndiyo, anayekuja na kuondoka, anayeleta muziki na ndege. Hakuna mahali Karen anasema walikuwa wapenzi. Bror anatajwa kwa kupitia tu, kama jirani. Kaswende hakuna. Daniel hayupo. Beryl hayupo. Ile hali ya kuachana kabla ya ajali nayo imefutwa, kwa hivyo msomaji anabaki akiamini kwamba kifo peke yake ndicho kilichowatenganisha. Karen hakusema uongo hata mstari mmoja katika hayo. Alinyamaza tu, mahali panapofaa, na ukimya ukafanya kazi yote. Ni kama mtu anayeweka mtandaoni picha za likizo na kukata nusu ya picha alipokuwa ex wake.

Beryl naye alichapisha kumbukumbu zake 1942, West with the Night. Denys yumo, na kifo chake kimo, kimeandikwa kwa uzuri. Mapenzi hayamo. Hata waume zake hawamo! Kitabu kilisahaulika kwa miaka mingi, kikachapishwa upya 1983, na tangu hapo kuna ubishi kama kweli alikiandika yeye au mume wake wa tatu, mwanahabari wa Marekani. Wanawake wawili, vitabu viwili vinavyopendwa hadi leo, na mwanamume mmoja katikati ambaye hakuandika chochote. Denys aliacha barua chache na makala kadhaa za gazeti la Times la London, ambamo alilalamikia wawindaji waliokuwa wakiwamiminia simba risasi wakiwa wameketi ndani ya magari kule Serengeti. Kelele hizo zilisaidia kusukuma ulinzi wa eneo hilo. Kwa kazi hiyo anastahili kukumbukwa, na si watu wengi wanaoijua. Aliyekuwa muuaji wa kulipwa wa wanyama alianza kuwaambia wateja wabebe kamera.

Ilibidi tungoje waandishi wa maisha yao ndipo pazia lifunguke. Errol Trzebinski, aliyeishi Kenya, aliandika juu ya Denys na Karen mwaka wa 1977, na Judith Thurman akaandika maisha ya Karen mwaka wa 1982. Mwelekezi Sydney Pollack na mwandishi Kurt Luedtke walivichanganya vitabu hivyo na kile cha Karen mwenyewe, na ndiyo maana filamu ina mapenzi ambayo kitabu hakina. Kwa maana hiyo Hollywood ilikuwa kweli zaidi kuliko mwenye hadithi. Kisha ikaongeza uongo wake.

Redford alikuwa tayari kuigiza Mwingereza, lakini Pollack aliona watazamaji wangevurugwa na lafudhi ngeni kutoka mdomo wanaoujua. Kwa hivyo mwana wa lodi anazungumza Kimarekani kama mtu wa California. Beryl akapewa jina Felicity na kupunguzwa kuwa msichana wa pembeni. Mandhari ya Denmark yalipigwa Uingereza. Nyumba unayoiona si ile iliyo makumbusho leo, bali ya kwanza aliyoishi Karen, karibu na hapo. Ikulu ya gavana ni jengo la shule ya Nairobi School. Hata simba waliofunzwa waliletwa kutoka Marekani, nchi hii yenye simba.

Wakenya walikuwamo, ukitazama vizuri. Joseph Thiaka aliigiza Kamante. Yule kijana mrefu mkimya anayemfuata Denys, Kanuthia, ni Job Seda, ambaye baadaye ulimwengu ulimjua kama Ayub Ogada, mpiga nyatiti aliyeaga dunia 2019. Iman, mwanamitindo kutoka Somalia, yumo pia. Ukiirudia filamu hiyo, jaribu kumfuata Ogada badala ya Redford kwa dakika chache. Utaona filamu nyingine kabisa, ya mtu anayetazama wazungu wakipendana na haambiwi chochote.

Machi 1986 filamu ikazoa tuzo saba za Oscar, ikiwemo ya filamu bora. Mwaka huohuo nyumba ya Karen ikafunguliwa kuwa makumbusho. Watalii wakamiminika wakitafuta Kenya ya nywele za dhahabu na gramafoni nyikani. Tsavo Magharibi kuna kambi ya kifahari yenye jina la Finch Hatton. Takaungu, mahali pekee alipojijengea nyumba kwa hiari yake, haiingii katika ratiba za watu hao. Ukiuliza kijijini, watu watakusimulia habari za Wamazrui na za bahari, ambazo ni zao.

Kuna jambo moja la mwisho katika kitabu cha Karen ambalo watu wa bara hulipita bila kushtuka, lakini mtu wa Pwani hawezi. Ni ukurasa wa mwisho. Karen anaondoka Kenya moja kwa moja, yuko kwenye treni ya Mombasa pamoja na Farah, msimamizi wake Msomali. Anasema treni iliposimama kituo cha Samburu kuchukua maji, alishuka, akatembea jukwaani, na kutoka hapo akaiona milima ya Ngong kwa mara ya mwisho, upande wa kusini-magharibi, ikiwa midogo na ya buluu.

Samburu unaijua. Ni ile ya barabara kuu ya Mombasa, ukishapita Mackinnon Road ukielekea Mariakani. Treni ilikuwa imeshapita Voi. Ngong iko zaidi ya kilomita 300 nyuma, upande wa kaskazini-magharibi, na hakuna jicho linaloweza kuiona kutoka pale. Takaungu ilikuwa karibu zaidi, kama kilomita 60 tu kuelekea mashariki.